Ngumi nzito ya Wing Chun: ukuta, hewa na upondo

Wing Chun, mtindo wa mapigano wa Kichina, ina ngumi fupi. Haivutwi nyuma wala haizungushwi kutoka mbali kama mkono wa bondia anayetafuta taya. Inatoka mbele ya kifua, kiwiko kikiwa chini, ngumi imesimama wima na kidole gumba kiko juu, ikaenda moja kwa moja usoni au kifuani mwa mtu. Ufupi huo ndio unaosifiwa na ndio unaolaumiwa. Wanaoipenda husema inawahi. Wanaoibeza huuliza swali moja tu: ikishawahi, inamfanya nini aliyepigwa?

Swali ni la haki, na mtindo wenyewe unalijibu kwa mazoezi. Asili yake ni kusini mwa China, na tawi lililotapakaa zaidi duniani ni la Ip Man, mzaliwa wa Foshan katika jimbo la Guangdong, aliyehamia Hong Kong mwaka 1949 na mwaka uliofuata akaanza kufundisha katika chama cha wafanyakazi wa mikahawa. Katika tawi hilo, mwanafunzi akiuliza ngumi inapataje uzito, mambo matatu hayakosi kutajwa: mfuko wa ukutani, ngumi za mfululizo hewani, na upondo, yaani mti mrefu wa kuchomea. Thamani yake hailingani hata kidogo, na kwa maoni yangu lile lenye thamani kubwa kuliko yote ndilo linalofundishwa mwisho, wakati wanafunzi wengi wameshaacha.

Mfuko wa ukutani ni turubai iliyoshonwa, mara nyingi ikiwa na vyumba vitatu vya kushuka, ikatundikwa ukutani usawa wa uso, kifua na tumbo. Anayeanza huujaza choroko. Mkono ukizoea hutia mchanga, na wenye moyo mgumu huishia kwenye kokoto au chembe za chuma. Choroko zina usumbufu wake: zikipigwa kwa muda mrefu husagika zikawa unga, mfuko unalegea, inabidi ujazwe upya.

Wengi hudhani kazi ya mfuko huo ni kukomaza ngozi. Kazi yake kubwa ni kukusema. Begi la ndondi linaloning'inia ukilipiga vibaya linayumba, na kosa lako linayumba nalo. Ukuta hauendi popote. Kifundo cha mkono kikipinda kidogo unajua papo hapo. Kiwiko kikitoka nje, bega linapanda na pigo linaishia hapo begani. Na kama umesimama juu ya visigino, ngumi yako mwenyewe inakurudisha nyuma. Hakuna mwalimu mwenye jicho kali kuliko hilo, na ndiyo maana mazoezi machache ya polepole ukutani, pigo mojamoja, humnyoosha mtu kuliko maelezo ya jioni nzima.

Hata hivyo kuna jambo ambalo watetezi wa mfuko hulipita mbiombio. Ngumi ya Wing Chun hugusa kwa vifundo vitatu vya chini, yaani cha kidole cha kati, cha pete na kidole kidogo. Kwa mpangilio wa mkono inaleta maana, kwa kuwa mstari kutoka kiwikoni hufika hapo bila kupinda. Kwa upande wa mifupa ni habari nyingine. Mfupa wa kiganja unaobeba kidole kidogo ni mwembamba, na shingo yake huvunjika mara nyingi kwa watu wanaopiga kitu kigumu kwa ngumi tupu, hata madaktari wakauita mvunjiko wa bondia. Karate huelekeza pigo kwenye vifundo viwili vya upande wa kidole gumba, penye mifupa iliyoshikamana vizuri zaidi na kifundo cha mkono. Kwa hiyo anayeutwanga ukuta kwa pupa wiki za mwanzo hajengi ngumi, anajitafutia kufungwa plasta. Mfupa hujiimarisha kwa mzigo unaoongezwa kidogokidogo, na hauna haraka. Dawa ya mitishamba ya kuchua mikono, ambayo shule nyingi huitengeneza kwa kuloweka dawa kwenye pombe kali, naiheshimu kama desturi na kama sababu nzuri ya kuikagua mikono kila baada ya zoezi. Sitaitegemea imkinge mtu asivunjike.

Zoezi la pili ndilo linalopendwa na kamera. Mkono mmoja unakwenda, mwingine unarudi chini yake, tena na tena, mamia kwa mamia hewani, mpaka mabega yanawaka moto. Wanaolitetea wana hoja moja nzito: ulegevu. Mwaka 2010 mtafiti Stuart McGill na wenzake walichapisha vipimo vya misuli ya wapiganaji wa kiwango cha juu wa mapigano mchanganyiko. Misuli ilikaza pigo lilipoanza, ikalegea njiani ili mkono uende kasi, kisha ikakaza mara ya pili pigo lilipogusa. Walimu wa Wing Chun wamekuwa wakigombeza watu walegeze mabega kabla ya maabara hiyo, na hewani ulegevu huo unafundishika kweli.

Tatizo ni ule mkazo wa pili. Hewani hakuna kinachoguswa, kwa hiyo mwili hujifunza kinyume chake: kufunga breki. Ngumi ikikaribia mwisho wake, misuli ya nyuma ya bega na ya kiwiko hufanya kazi ya kuuzuia mkono usichomoke. Mtu anayerudia hilo mara elfu amefanya mazoezi elfu ya kusimamisha ngumi. Akichoka, hali huwa mbaya zaidi, maana miguu na nyonga huacha kushiriki na mikono hubaki ikipepea peke yake.

Mkono peke yake haubebi mengi. Utafiti wa Kisovieti wa Filimonov na wenzake, wa mwaka 1985, ulipima mchango wa viungo katika pigo la mabondia. Kwa waliobobea, kusukuma kwa mguu kulichangia takriban asilimia 38, kuzungusha kiwiliwili 37, na kunyoosha mkono 24. Kwa wa madaraja ya chini, mguu ulishuka hadi karibu 17 na mkono ukapanda kufikia 38 hivi. Mwaka 2005 watafiti wa Detroit wakawapima mabondia 7 wa Olimpiki wakipiga ngumi za moja kwa moja. Wastani wa nguvu ya pigo ulikuwa zaidi ya nyutoni 3,400, na wa uzito wa juu waliwazidi wenzao hasa kwa kuingiza sehemu kubwa zaidi ya mwili ndani ya pigo, wala si kwa kasi ya mkono. Ukizitazama hesabu hizo, ngumi za mfululizo hewani zinalea ile robo iliyo rahisi kuilea.

Haraka haraka mtu angehitimisha kwamba suala ni misuli, basi tuhamie kwenye vyuma. Utafiti wa London wa mwaka 2012 unatia mchanga kitumbua hicho. Walichukuliwa wana karate wa mkanda mweusi 12 na watu 12 wasio na ujuzi lakini wenye umri na siha inayolingana, wote wakapiga kutoka umbali wa sentimita 5 tu. Wenye mkanda mweusi walipiga kwa nguvu zaidi, na tofauti haikutokana na misuli mikubwa. Ilitokana na jinsi bega na kifundo cha mkono vilivyopatana wakati. Tena tofauti hiyo ilihusiana na muundo wa sehemu ya ubongo inayoratibu mijongeo. Karate si Wing Chun, lakini umbali wa sentimita 5 ni eneo la Wing Chun hasa, na matokeo hayo yanawapa haki walimu wanaosema nguvu ya karibu hufundishwa kwa kurudiarudia. Ila wale wana karate walikuwa wamezoea kupiga kitu.

Bruce Lee, mwanafunzi wa Ip Man katika ujana wake, aliufanya umbali huo uwe maarufu kwa ngumi yake ya inchi moja, aliyoionyesha Long Beach, California, mwaka 1964. Aliyepigwa alirudi nyuma akaangukia kiti kilichowekwa tayari. Wabishi husema huko ni kusukuma tu, na kwa sehemu wana haki: kumhamisha mtu na kumuumiza ni mambo mawili, maana kinachoumiza ni nguvu nyingi ndani ya muda mfupi sana, na kiti huongeza uigizaji. Lakini ukiitazama picha hiyo bila kuukodolea macho mkono, utaona kisigino cha nyuma kikisukuma, goti likinyooka na nyonga ikigeuka kabla ngumi haijafanya lolote. Inchi moja ni safari ya ngumi tu. Mwili umesafiri zaidi ya hapo.

Sasa upondo. Ni mti mnyoofu wa mita 2.5 hadi 3, mnene upande mmoja, mwembamba upande wa pili. Simulizi za Wing Chun hudai ulitoka kwa wasafiri wa majahazi mekundu ya waigizaji wa opera ya Kikanton, waliokuwa wakisukumia vyombo mtoni kwa miti kama hiyo. Ukweli wa simulizi hiyo hauniumizi kichwa. Kinachonihusu ni kinachotokea mtu anapoushika kwenye mwisho wake mnene, mikono yote miwili upande mmoja, akainua ncha. Kilo chache zinageuka mzigo mkubwa kwa sababu ziko mbali na mikono. Viganja vinakaza, mgongo unaamka, na mapaja yanalia kwa kuwa mkao wake ni wa chini kuliko mkao wa kawaida wa mtindo huu. Kisha anachoma mbele kwa hatua, na ncha ikitetemeka ujue mwili umekatika mahali fulani. Kuna hata ngumi zinazopigwa katika mkao huo bila upondo, kiwiliwili kikigeuka chote. Kwa maneno mengine, mguu na kiwiliwili ambavyo wapinzani husema Wing Chun imevisahau, vimekaa humo humo ndani ya mtaala.

Kwa nini basi huachwa mwisho? Walimu wana sababu: mwenye nguvu za ghafla hutumia nguvu badala ya kuhisi, na zoezi la mikono inayonata, ambalo wawili hulifanya mikono yao ikigusana ili wahisiane, hugeuka mieleka. Nimeona hilo likitokea, wala si hofu ya bure. Lakini linatibika kwa kutenganisha mambo. Mfuatano kamili wa mbinu za upondo unaweza kusubiri miaka. Kuinua ncha, kuchoma na kukaa chini hakuna siri yoyote ndani yake ya kumsubirisha mtu. Nashuku pia kwamba vyumba vya Hong Kong vimechangia. Sanamu ya mti ya kufanyia mazoezi, ambayo Foshan ilichimbiwa ardhini, Ip Man aliifanya itundikwe kwenye fremu ukutani ili iingie ndani ya fleti. Mti wa karibu mita tatu haukunjiki hivyo.

Mashabiki hupenda kumtaja Wong Shun Leung, mwanafunzi wa Ip Man aliyejulikana kwa mapambano ya juu ya mapaa ya Hong Kong, kama ushahidi kwamba mazoezi ya jadi yanatosha. Husahau kwamba alikuwa amefanya ndondi kabla ya kuja Wing Chun. Mkono wake ulikuwa umeshagusa watu wanaokwepa. Upande wa pili, wabezaji hutaja Machi 2018, mpiganaji Xu Xiaodong alipokutana na Ding Hao wa Wing Chun na kumwangusha mara kadhaa, ingawa waamuzi walitoa sare. Pambano hilo linasema machache sana kuhusu uzito wa ngumi. Linasema mengi kuhusu ngumi isiyopata pa kutua, na hilo hakuna mfuko wala mti utakaoliponya. Linamtaka mtu anayerudisha ngumi.

Anayeniuliza apange vipi mazoezi, ningempunguzia ngumi za hewani zibaki za kupasha mwili na kulegeza mabega, nimwache ukutani kwa choroko na pigo mojamoja muda mrefu kuliko anavyotaka, nimwongezee begi zito apate ule mkazo wa pili kwenye kitu kinachosogea, na upondo aanze mwaka wa kwanza. Kama chumba ni kidogo, mti wa mita moja na nusu wenye uzito mdogo uliofungwa nchani unatosha kuanzia, mradi aongeze uzito huo kwa gramu na si kwa kilo, kwa sababu kiungo cha kwanza kulalamika kitakuwa kifundo cha mkono.