Diwani wa shamba akitaka kiti Sacramento

Kila uchaguzi unapokaribia, kaskazini mashariki mwa California hujitokeza mgombea wa aina ile ile: mtu aliyekaa miaka kadhaa kwenye uongozi wa kaunti ndogo, anayezijua barabara zake zote za vumbi, na sasa anataka kiti katika Bunge la jimbo, Sacramento. Wafuasi wake husema anaijua kazi. Wapinzani husema anaijua kazi nyingine kabisa. Nitampima kwa Brian Dahle, kwa sababu yeye njia hiyo ameshaipita hadi mwisho na matokeo yapo mezani.

Dahle ni mkulima wa Bieber, kijiji cha Kaunti ya Lassen. Aliingia kwenye bodi ya kaunti baada ya uchaguzi wa 1996, akakaa miaka 16. Mwaka 2012 akachaguliwa kuingia Bunge la chini la jimbo, 2019 akahamia Seneti ya jimbo, na 2022 akagombea ugavana. Gavana aliyekuwa madarakani, Gavin Newsom, akamshinda kwa takriban kura 59 kwa 41 katika kila mia.

Msomaji wa Kenya aiweke kando kwanza picha ya kaunti anayoijua. Kaunti ya kawaida ya California haina gavana. Watu watano, yaani wajumbe wa bodi, ambao ndio kama madiwani wake, huketi meza moja, na hao hao hupitisha bajeti, hutunga sheria ndogo na kuwabana wakuu wa idara. Kwa sensa ya 2020, Lassen ilikuwa na watu 32,730, na maelfu kati yao walikuwa wafungwa wa magereza mawili ya jimbo yaliyokuwa Susanville. Ukigawa kwa tano, kila mjumbe ana watu wasiofika elfu saba. Theluji isipoondolewa barabarani, mwananchi hana haja ya kuandika barua. Atamkuta mjumbe wake dukani.

Hoja ya wanaomtaka mtu huyu ni nzito kuliko inavyosikika. Sheria nyingi za jimbo hutungwa Sacramento lakini huangukia mikononi mwa kaunti: misaada ya maskini, afya, jela, hata kuendesha uchaguzi. Mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Marekani iliilazimisha California kupunguza msongamano magerezani. Kuanzia Oktoba mwaka huo, wengi waliohukumiwa kwa makosa yasiyo ya kutumia nguvu wakaanza kutumikia vifungo vyao katika jela za kaunti. Kwa mbunge, hayo yalikuwa vifungu vya sheria. Kwa mjumbe wa bodi, yalikuwa vitanda, zamu za walinzi na bili ya daktari. Dahle alikuwa bado kwenye meza ya kaunti mzigo huo ulipotua. Mwaka uliofuata akawa mbunge. Ujuzi wa namna hiyo haufundishwi na mshauri yeyote wa kampeni.

Lakini upande wa pili nao una yake. Nafasi za kaunti California hazina chama. Kwenye karatasi ya kura ya mjumbe wa bodi huoni Republican wala Democrat, na meza ya watu watano inahitaji watatu tu kukubaliana. Bunge la chini lina viti 80. Dahle, Republican, alichaguliwa katika uchaguzi uleule uliowapa Democrat theluthi mbili ya viti katika mabunge yote mawili. Mtu aliyezoea kumalizana na mwenzake kwa mazungumzo ya mlangoni anajikuta ndani ya ukumbi ambamo wenzake wote wa chama wakimwunga mkono, bado hawatoshi.

Halafu kuna hesabu ya kura. Jimbo la uchaguzi la Bunge la chini lina watu karibu nusu milioni. Nyumbani kwake Lassen hakufiki hata sehemu moja ya kumi ya hao. Kura zenyewe ziko kwingine, hasa Redding na viunga vyake katika Kaunti ya Shasta. Kwa hiyo yule anayejinadi kama sauti ya kijiji huchaguliwa na watu wa mji, hata kama ni mji mdogo.

Zamani haikuwa hivyo. Kabla ya 1964 Seneti ya California iligawanywa kwa kufuata kaunti: Los Angeles yenye watu zaidi ya milioni sita ilikuwa na seneta mmoja, na kaunti za milimani zenye watu elfu 14 kwa jumla nazo zilikuwa na wake mmoja. Mahakama Kuu ikaufuta mtindo huo. Jaji Mkuu Earl Warren akaandika kwamba wabunge wanawakilisha watu, si miti wala ekari. (Warren huyo huyo, alipokuwa gavana wa California, aliutetea mfumo wa kaunti. Ukubwa wa kiti hubadili macho.)

Nakubaliana na hukumu ile. Ila miti na ekari zina tabia ya kudai haki zao. Mwaka 2021 moto wa Dixie uliteketeza ekari zaidi ya 960,000 na kuuangamiza mji mdogo wa Greenville, Kaunti ya Plumas. Milima hiyo ndiyo chanzo cha Mto Feather, unaojaza bwawa la Oroville, na maji ya Oroville husafiri hadi kusini kwenye mabomba ya watu wa mjini. Mtu anayeujua msitu ule ana la kuwaambia wabunge wa Los Angeles, mradi ajue kuwaambia kwa lugha ya maslahi yao. Mwaka 2018 jimbo lilitenga dola milioni 200 kwa mwaka, kwa miaka mitano, kusafisha misitu. Watu wa vijijini walikuwa wamelia kuhusu jambo hilo muda mrefu, lakini fedha zilikuja baada ya moto wa 2017 kuunguza mitaa ya Santa Rosa.

Na pale maslahi ya mjini hayapo, ujuzi wa kaunti hausaidii. Aprili 2021 serikali ya Newsom ilitangaza kufunga moja ya magereza yale mawili ya Susanville, mwajiri mkubwa wa eneo hilo. Seneta alikuwa Dahle, mtu wa Lassen kwa miaka yote. Mji ukaenda mahakamani, ukafanikiwa kuchelewesha tu. Mwaka 2023 gereza likafungwa.

Kwa hiyo mimi ningempigia kura diwani wa shamba, lakini kwenye mkutano wa kampeni nisingemuuliza habari za barabara. Ningemuuliza ni wabunge gani watatu wa chama kingine ambao angewapigia simu wiki ya kwanza, na angewapa nini. Mwaka 2024 ukomo wa miaka 12 bungeni ulimtoa Dahle. Kiti chake cha Seneti kikachukuliwa na mkewe, Megan, aliyekuwa tayari Bunge la chini, jambo ambalo lilistahili maswali zaidi. Kile alichokiacha Megan katika Bunge la chini kikaenda kwa Heather Hadwick, aliyetoka ofisi ya dharura ya Modoc, kaunti ya watu 8,700.