Mitende ya Madina: walipewa au waliazimwa?

Muharram ikiandama, mimbari hurudi kwenye Hijra, safari ya Mtume (s.a.w.) kuhamia Madina kutoka Makka, ingawa aliwasili Quba, pembezoni mwa Madina, katika Rabiul Awwal, mwaka 622, na Muharram ikafanywa mwanzo wa hesabu ya Hijria baadaye, katika ukhalifa wa Umar. Hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba udugu aliouunga Mtume kati ya Muhajirina, waliohama Makka, na Answari, wenyeji wa Madina waliowapokea, hutolewa ushahidi kwa mambo mawili yanayopingana. Huyu anasema Madina inafundisha kugawana nusu kwa nusu, yule anasema inafundisha mtu asiwe mzigo kwa mwenzake, na wote wawili wanakimbilia kisa kimoja: cha Saad bin Rabii, Answari, na Abdurrahman bin Auf, Muhajiri.

Saad alimwambia ndugu yake huyo mpya achukue nusu ya mali yake, akawa tayari hata kumtaliki mmoja wa wake zake wawili ili, eda ikiisha, Abdurrahman amwoe. Abdurrahman akamwombea baraka katika ahli na mali yake, kisha akauliza soko liko wapi. Akaonyeshwa la Banu Qaynuqa, kabila la Kiyahudi la Madina, akarudi na jibini kavu na samli. Haukupita muda akaoa mwanamke wa Kianswari kwa mahari ya dhahabu, uzito wa kokwa ya tende.

Wanaotetea kugawana hawakosi hoja. Suratul Hashri, aya ya 9, inawasifu Answari kwa kuwatanguliza wenzao hali wao wenyewe wana uhitaji. Tena hapo mwanzo Muhajiri alikuwa akimrithi Answari wake kuliko hata jamaa wa damu, mpaka aya iliposhuka ikarudisha mirathi kwa ndugu wa nasaba. Hakuna harambee ya leo inayofika huko.

Lakini kuna kipande ambacho pande zote mbili hukiruka. Answari walimwomba Mtume awagawie wao na ndugu zao mitende. Akasema hapana. Wakakubaliana Muhajirina washike kazi za shambani, na matunda wagawane. Wanafikihi wanaoeleza musaqat, yaani mapatano ya kuhudumia miti ya mwingine kwa fungu la matunda, huitaja hadithi hii.

Kwa nini akatae kugawa miti? Hadithi haisemi, ila ukiujua mtende utakisia. Wamakka walikuwa watu wa biashara, waliotoka katika bonde lisilo na mimea. Mtende unataka maji, na kila msimu unataka mtu apande juu, aingize maua ya dume ndani ya makarara ya jike yaliyopasuka. Msimu mmoja watu wa Madina waliacha kazi hiyo, baada ya Mtume kusema hadhani kama ina faida, na tende zikatoka mbovu. Akawaambia wao ndio wajuao zaidi mambo ya dunia yao. Sasa mpe nusu ya shamba mtu ambaye hajawahi kupanda mtende. Umemwachia miti, hukumpa mavuno. Na kumwambia apande yake ni kumwambia asubiri miaka kadhaa kabla ya tende ya kwanza. Waswahili tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Madina jembe lilikuja na fungu la mavuno na mwalimu pembeni, na hapo ndipo wahubiri wa kujitegemea wanapopunguza maneno.

Wao wana tatizo jingine. Abdurrahman alifika Madina tayari mfanyabiashara. Si kila mtu alikuwa hivyo. Nyuma ya msikiti palikuwa na Suffa, kibanda cha wasio na makazi wala jamaa, na Abu Huraira aliyekaa hapo anasimulia njaa iliyomwangusha chini hadi watu wakadhani ana wazimu. Kumsomea mtu wa Suffa kisa cha soko la Qaynuqa ni kumdhulumu. Isitoshe, kilichowatoa Muhajirina wengi kwenye mashamba ya wenzao hakikuwa soko peke yake. Mwaka wa 4 Hijria, Banu Nadhir, kabila jingine la Kiyahudi, walipoondolewa Madina, ardhi yao iligawiwa Muhajirina, na kwa upande wa Answari wanatajwa wawili tu waliopata, Sahl bin Hunaif na Abu Dujana, kwa ajili ya ufukara wao. Ukisifu kujitegemea kwao, utaje na ardhi hiyo.

Kwa maoni yetu, udugu ule ulikuwa mpango wenye masharti na kikomo. Ushahidi ulio wazi zaidi ni maniha: mwenye mtende anakuachia matunda, mti unabaki wake. Baada ya vita vya Khaibar, mwaka wa 7, Muhajirina waliirudisha mitende ya namna hiyo kwa Answari. Miaka kama sita hivi, basi.

Na hata hapo palitokea mzozo. Ummu Sulaim, mama yake Anas, kijana aliyemtumikia Mtume, alikuwa amempa Mtume mitende yake, naye Mtume akamwachia Ummu Aiman, aliyemlea. Siku ya kurudisha, Ummu Aiman alikataa katakata. Wanazuoni wanasema alidhani amepewa iwe mali yake. Anas alipokuja kuidai, alimtia nguo shingoni, akaapa hatoi. Mtume hakumkemea. Alimwongezea fidia, na akazidi kumwongezea, mpaka ikafika mara kumi ya ile mitende au karibu na hapo, ndipo akaiachia.