Ju 88: amri ya kupiga mbizi iliiharibu au iliiokoa?

Wapenzi wa historia ya ndege wakianza kubishana kuhusu Junkers Ju 88, mara nyingi utakuta hukumu imeshapita. Ujerumani ilikuwa na ndege ya mabomu yenye kasi ya kuwaacha adui zake nyuma, kisha wakubwa wa Wizara ya Anga wakaivuruga kwa kuitaka iweze pia kupiga mbizi, yaani kushuka karibu wima juu ya shabaha. Mshtakiwa mkuu ni Ernst Udet, rubani shujaa wa Vita Vikuu vya Kwanza, aliyekabidhiwa idara ya ufundi mwaka 1936 kwa sifa za urubani kuliko za uongozi. Mshika mbili moja humponyoka, kesi imekwisha. Mimi naona haijaisha.

Ushahidi dhidi yake ni mzito kweli. Mwaka 1935 wizara iliomba ndege ya kasi, yenye silaha chache za kujilinda, ya kubeba mabomu ya kilo 800 hadi 1,000. Ju 88 ya kwanza iliruka 21 Desemba 1936. Machi 1939, ndege ya tano ya majaribio ilimaliza kilomita 1,000 ikiwa na mzigo wa tani 2, kwa wastani wa kilomita 517 kwa saa, na ikaweka rekodi. Lakini ile ilikuwa ndege iliyoandaliwa kwa ajili ya rekodi, pua yake imelainishwa ikate hewa. Iliyokuwa ikielekea vitani ilikuwa nyingine kabisa. Ilifungwa breki za hewa chini ya mabawa, za kupunguza kasi ya kushuka, kiunzi kikaimarishwa, bunduki zikaongezwa, watu wakawa wanne badala ya watatu. Mabadiliko ya michoro yalihesabiwa kwa makumi ya maelfu, na uzalishaji ukachelewa. Toleo la A-4, lililotengenezwa kwa wingi, lilifika takriban kilomita 470 kwa saa. Hurricane, ndege ya kivita ya Waingereza, ilizidi 500, na mwenzake Spitfire ikaipita hiyo. Kwa hiyo mwaka 1940, katika anga ya Uingereza, ndege iliyobuniwa kukimbia ilikuwa inafukuzwa na kufikiwa.

Sasa tumsikilize Udet. Vyombo vya kulengea mabomu kutoka juu havikuaminika wakati ule, na Ujerumani haikuwa na mabomu wala mafuta ya kumwaga ovyo. Kupiga mbizi kuliahidi kulenga vizuri kwa mabomu machache. Ndani ya Ju 88 kazi yenyewe ilikwenda hivi: rubani anaitafuta shabaha kupitia kidirisha cha sakafuni, anafungua breki, pua inainama. Akishaachia bomu, mtambo unaanza wenyewe kuinyanyua ndege, maana mtu aliyelemewa na uzito wa mwendo ule anaweza kuchelewa. Dhidi ya meli na madaraja, hoja hiyo haikuwa ya kijinga.

Kuna jambo jingine ambalo washtaki hulipita haraka. Tuseme breki zile zisingewekwa. Tumbo la Ju 88 lilipokea mabomu madogo ya kilo 50 tu. Ya kilo 250 na kuendelea yalining'inizwa nje, kati ya kiwiliwili na injini, yakiburuta hewa njia nzima. Kasi ingeliwa hata hivyo. Wanaotaja Mosquito, ndege ya mabomu ya Waingereza, kama mfano wa kile ambacho Ju 88 ingekuwa, wasahau kidogo ushabiki waangalie kalenda: Mosquito iliruka mara ya kwanza 25 Novemba 1940, karibu miaka minne baadaye. Ilikuwa ndogo, ya mbao, ya watu wawili, mabomu yake tumboni, na ilipita kilomita 600 kwa saa. Kasi ya kutofikiwa ya mwaka 1936 ni kasi ya kufikiwa mwaka 1940, bila kujali nani ameketi wizarani.

Halafu yapo matoleo. Ju 88 zilizotengenezwa ni takriban 15,000, na kiunzi kile kilichoneneshwa kwa ajili ya kupiga mbizi kilibeba karibu kila kitu. D ilikuwa ya upelelezi. P ilifungwa mzinga wa milimita 75 dhidi ya vifaru. Ilikuwa nzito, ya kusikitisha, tuiache. Mwishoni mwa vita nyingine zilijazwa baruti puani na kurushwa bila mtu ndani, zikiongozwa na ndege ndogo iliyopachikwa mgongoni.

Kubwa zaidi ni ndege za kivita za usiku, C na kisha G. Humo wingi wa watu ukawa faida: rubani anaendesha, mwenzake anasoma rada. G iliwaumiza sana Waingereza, mpaka Julai 1944 moja ilipopotea njia na kutua Woodbridge, Uingereza, ikiwa na rada yake mpya pamoja na kifaa cha kunusa mawimbi ya ndege za Waingereza. Wanasayansi wa huko waliletewa siri hiyo mlangoni.

Kinachochekesha ni S ya mwaka 1943. Kibanda cha chini ya pua kilitolewa, silaha zikapunguzwa, zikaja injini za BMW na gesi ya nitrasi oksidi ya kuzipa nguvu juu angani. Ikagusa kilomita 600 kwa saa. Wazo la 1935 lilikuwa limerudi, ila kwa idadi ndogo na kwa kuchelewa mno.

Je, basi Udet alikuwa na maono? Hapo natofautiana na watetezi wake. Amri ileile ilishushwa kwa Heinkel He 177, ndege ya masafa marefu. Injini zake nne ziliunganishwa mbilimbili ili kupunguza ukinzani wa hewa, kila jozi ikizungusha propela moja; sharti la kupiga mbizi likaufanya mpangilio huo uwe mgumu kuuacha, na injini zikawa na tabia ya kuwaka moto. Hermann Göring, mkuu wa jeshi la anga, alikuja kuifuta amri hiyo kwa He 177 Septemba 1942, wakati Udet alishajiua Novemba 1941. Aliyeiagiza Ju 88 ipige mbizi hakujua kwamba anaagiza ndege ya usiku. Sifa za G ni za mafundi wa Junkers, waliopokea amri mbaya na kuijengea kiunzi kizuri.