Nilivyomkemea jini wa Naliendele

Kwa kuwa fundi spika wa kanisani kwetu ameshasambaza ile sauti ya ushuhuda wangu kwenye magrupu yote ya Mtwara, tena kakata anapopataka yeye, wacha nisimulie mwenyewe. Na sikulia. Ile ni maiki.

Kipindi cha shuhuda kwetu hakuna anayekikosa. Huyu mtoto kapona, yule hela ya korosho imeingia wakati ada inadaiwa, basi ni machozi na vigelegele. Mimi mtu wa kuja kutoka Njombe, tangu nihamie huku kazi yangu ilikuwa kupiga makofi. Jumapili hii na mimi nilikuwa na wangu.

"Bwana Yesu asifiwe!" Amen! Alfajiri, giza totoro, natoka Naliendele na baiskeli. Mara mikoroshoni nikasikia mngurumo. Likatoka wingu. Na harufu, wapendwa, harufu ya KIBERITI, kile cha ziwa la moto kwenye Ufunuo! Kanisa kimya. Nikanogewa, nikapandisha sauti. Ndani ya wingu likatokea jitu, uso wa njano, macho mekundu, limejifunga kanga mpaka puani, likaniita kwa jina! Nikalikemea: "Ushindwe! Rudi kuzimu!" Nikalitupia kandambili, nikakanyaga pedeli.

(Watu wa kusini mnacheka nini? Kwetu ni viazi na chai, salfa ningeijulia wapi?)

Nikanyoosha mkono juu nikingojea vigelegele. Wanakwaya mabega yanatikisika. Nikajua Roho ameshuka.

Mstari wa pili akainuka mama mlezi wa kwaya. Polepole. Akafungua mkoba. Ikatoka Biblia, akairudisha. Ikatoka leso, akajifuta jicho, akairudisha. Akapekua chini kabisa, ikatoka kandambili ya bluu, mkanda umefungwa kwa waya. Yangu. Akaja nayo mpaka mbele, akainama, akaipanga vizuri pembeni ya kiatu changu cha Jumapili, kisha akanitoa maiki mkononi kama unavyomnyang'anya mtoto kisu. Mkono wangu mwingine bado uko juu.

"Bwana asifiwe. Nilikuwa napulizia mikorosho yangu. Mwanangu huyu alidondosha begi, nikawa namwita nimpe."

Akanyamaza kidogo.

"Kuzimu sijaenda bado."

Mchungaji alijificha nyuma ya Biblia. Kinanda kikapigwa hata wimbo haujatajwa.

Kumbe salfa, ule unga wa njano wa kiberiti, hupulizwa alfajiri, upepo umetulia na umande upo, ili unga ushike kwenye majani na maua na kuzuia ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho. Nimefundishwa na mtoto wa darasa la tano, bila kuomba. Begi nimerudishiwa, mama nimemwomba radhi, Jumamosi nakwenda kumbebea mashine ya kupulizia. Watoto wa Sunday school wananiita Kiberiti.

Na sasa ukitaka kutoa ushuhuda unaanzia kwa mzee wa kanisa, anakuangalia, anakuuliza: "Umehakikisha?"