Vidole Vitatu Si Tatu Kila Mahali

Wafanyabiashara wetu wengi wanaamini kwamba ulimi ukishindwa, vidole vitaokoa. Hujui Kichina? Nyoosha vidole, mtaelewana. Imani hiyo naipinga, na naanza na namba, kwa sababu ndizo tunazodhani hazina utata hata kidogo.

Chukua masoko ya jumla ya Guangzhou, ambako wenye maduka wa Kariakoo na Eastleigh hufuata nguo, viatu na vipuri vya simu. Moja hadi tano, muuzaji ananyoosha vidole kama sisi. Ikifika sita mnaachana. Sisi tunaleta mkono wa pili: tano huku, kimoja kule. Yeye anabaki na mkono mmoja hadi kumi.

Sita yake ni gumba na kidole cha mwisho vimenyooka, vitatu vya kati vimekunjwa. Kwetu hiyo ni "nipigie simu", na mgeni anaweza kuanza kutafuta namba ya duka kumbe ameshatajiwa bei. Saba, anakutanisha ncha za gumba, shahada na kidole cha kati, viwili vilivyobaki anavikunja. Kwetu inakaribia mkono unaoshika tonge. Nane ni gumba na shahada vimenyooka, kama mtoto anayecheza bastola. Tisa ni shahada iliyopindwa kama ndoano, na hapa mtu wa kwetu anaweza kukasirika bure, maana kumwita mtu mzima kwa kidole cha namna hiyo ni kumdharau. Kumi ni ngumi, au vidole viwili vya shahada vilivyopishana, kwa kuwa herufi ya Kichina ya kumi ni mistari miwili inayokatana. Mnunuzi anaona alama ya kosa na kudhani amekataliwa.

Kosa lenyewe liko katika kuhesabu. Kwenye sita vimesimama vidole viwili. Kwenye nane pia viwili. Anayehesabu badala ya kusoma umbo atapata mbili mara zote. Katoni ya vipande 100 kwa yuan 2 ni yuan 200. Kwa yuan 8 ni yuan 800. Mjerumani naye yuko hatarini zaidi yetu, kwani huanza kuhesabu kwa gumba: mbili yake ni gumba na shahada, yaani nane kamili ya Mchina. Na usidhani ukishajua ya Guangzhou umemaliza: gumba na shahada hizo hizo, Taiwan husomwa saba.

Ndiyo maana wauzaji wa huko humsogezea mgeni kikokotoo. Kitumie, lakini usikiamini peke yake, kwa sababu kinaonyesha namba tu, hakisemi ni bei ya kipande, jozi au dazeni. Shika kipande kimoja mkononi, onyesha namba, kisha shika dazeni nzima na umsubiri aandike upya. Namba ikibaki ile ile, mmoja wenu hajaelewa. Idadi ya chini ya oda iulize baada ya bei, kwenye mstari wake, na yote yaandikwe kwenye risiti pamoja na jina la sarafu kabla hujatoa amana. Mkono uwe wa salamu.

Turudi kwenye saba. Kusanya ncha za vidole vyote vitano zielekee juu, utikise mkono taratibu juu na chini. Muscat, na katika nchi nyingi za Kiarabu, umesema "subiri kidogo, vumilia". Napoli umemuuliza mtu kwa ukali kidogo, "unataka nini? unasema nini?" Mmoja ametulizwa, mwingine amechokozwa, na tofauti na saba ya Guangzhou ni vidole viwili tu vilivyokunjwa.

Hata upande wa kiganja una maana. Januari 1992 George H. W. Bush, akiwa rais wa Marekani, alipita kwenye gari mjini Canberra na kuwanyooshea waandamanaji vidole viwili, nyuma ya kiganja ikiwatazama wao. Kwake ilikuwa V ya ushindi. Australia na Uingereza, V iliyogeuzwa hivyo ni tusi. Mwaka huo huo Kenya vidole viwili vilikuwa salamu ya vyama vingi, na kidole kimoja kilikuwa salamu ya KANU, chama tawala cha wakati huo. Kwenye mkutano wa hadhara aliyeinua kimoja au viwili alikuwa ameshataja upande wake kabla hajafungua mdomo.

Wapo watakaosema mbona viziwi wanaelewana duniani kote. Si kweli. Jamii za viziwi zina lugha tofauti tofauti, na Lugha ya Alama ya Kenya, ambayo Katiba ya 2010 imeipa nafasi kati ya lugha rasmi za Bunge, si ile ya Marekani. Inajifunzwa, kwa sarufi na msamiati wake.

Na sisi wenyewe tulikuwa na hesabu yetu ya mikono, tumeisahau tu. Kiswahili cha zamani kilisema mtandatu kwa sita, mfungate kwa saba, kenda kwa tisa. Ndani ya mtandatu imo tatu mara mbili, tatu kila mkono. Mkikuyu bado anasema ithatu na ithathatu, Mnyarwanda gatatu na gatandatu. Nane nayo inabeba nne mbili. Mfungate huelezwa kama funga-tatu: kati ya vidole kumi kunja vitatu, vinabaki saba. Ndipo ilipotoka fungate, siku saba za maharusi. Aliyezoea kuonyesha sita kwa vitatu huku na vitatu kule angemshangaza hata kijana wa leo wa Dar es Salaam, anayetanguliza kiganja kizima.

Ishara zinafanya kazi vizuri pale pande zote mbili zinapokuwa zimefundishwa kanuni moja. Katika biashara ya mifugo ya Wasomali, dalali na mnunuzi hushikana mikono chini ya kitambaa na kubinyana vidole, ili waliosimama pembeni wasijue bei. Wauza lulu wa Ghuba nao walifanya hivyo. Kidole kimoja kinaweza kuwa moja, kumi, mia au elfu, lakini wenyewe hawachanganyikiwi, kwa sababu wote wanajua mbuzi wa leo anazungumziwa kwa mamia au kwa maelfu kabla kitambaa hakijafunika mikono.