Mimi Ndiye Niliyeapa, na Risiti Ninayo

Jamani naombeni mnisikilize, maana humu ndani nikianza tu mke wangu anaongeza sauti ya tivii. Mtaa wetu huu una nyumba arobaini na kitu, kuna Waingereza, kuna Wapoland, kuna Wahindi, kuna bi mkubwa wa namba 12 ambaye kila sherehe ya kifalme anatundika vibendera mpaka kwenye pipa la taka. Sasa katika wote hao ni nani aliyesimama mbele za watu akaapa utii kwa ufalme wa Uingereza kwa mdomo wake mwenyewe? Ni mimi. Dereva wa basi, mtoto wa Ngamiani, Tanga. Na sio kuapa tu, nimelipia, mwaka 2019, pauni 1,330, risiti iko kwenye kopo la biskuti pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto.

Siku ile nimevaa suti ya kuazima kwa shemeji, mikono mirefu inanifunika vidole, meya kavaa mkufu kifuani kama bibi harusi, ukutani picha ya Malkia anatuangalia, nikatamka neno kwa neno kwamba nitakuwa mwaminifu na mtiifu wa kweli kwa Malkia Elizabeth wa Pili, warithi wake na watakaomfuata. Nikapiga na picha. Hapo ni baada ya kufaulu ule mtihani wao, maswali 24 kwa dakika 45, nami nilikesha wiki tatu nakariri wake sita wa mfalme wao wa zamani, Henry wa Nane, yupi aliachwa, yupi alikatwa kichwa, yupi alisalimika, mpaka mke wangu akaanza kuniangalia vibaya. Nikaenda kazini nikamuuliza mwenzangu mmoja pale dipo, Mwingereza wa babu na babu, nitajie wake wa Henry. Akataja wawili, wa tatu akataja mcheza filamu.

Basi tukae na hilo. Malkia akafariki tarehe 8 Septemba 2022, na Mungu anisamehe, kitu cha kwanza nilichowaza ni je, kile kiapo changu kimekufa naye au kinahamia kwa mwanae, na kama kinahamia kuna fomu? Maana nchi hii hakuna kinachohama bila fomu na ada. Nikaenda kusoma tena, nikakuta pale pale, "warithi wake na watakaomfuata". Wamenifunga kwa Charles, wamenifunga na kwa mwanae William, wamenifunga mpaka kwa katoto ka William, George, ambaye bado anafundishwa hesabu. Sina pa kutokea.

Sasa sikieni kituko. Mei 2023 Charles anataka kutawazwa, wiki moja kabla ikatangazwa kwamba safari hii kutakuwa na kiapo cha wananchi wote, kila mtu popote alipo, kama yuko kwenye sofa basi hapo hapo kwenye sofa, atamke kwamba atamtii Mfalme. Wee! Nchi ililipuka. Pale dipo watu walikasirika kama wameambiwa waje na mbuzi. Eti tunadhalilishwa, eti hii ni karne gani, eti mimi nimuapie mtu kwa lipi. Nimekaa na chapati yangu mkononi nawatazama tu. Mnakataa kuapa bure, mkiwa na soksi, mbele ya tivii? Mimi nimeapa kwa pauni 1,330 nikiwa na suti ya shemeji! Siku ilipofika ikabidi walegeze, ikawa ni mwaliko tu, anayetaka aseme asiyetaka anyamaze. Hakuna aliyenirudishia hata shilingi.

Ndio nikajua kwamba hawa wenzetu mapenzi yao kwa Mfalme ni kama mapenzi ya mtu kwa mjomba wake wa kijijini. Hamsemi vibaya mbele ya wageni, ila ukimwambia akampigie magoti anakutukana. Ukisoma kura za maoni utaona kila mara ni kama watu sita katika kumi wanataka ufalme ubaki, vijana ndio hawana habari nao. Huyo mwenzangu wa wake wawili wa Henry, kila siku ananiambia hawa ni kupe, wananyonya kodi zetu, mwaka wa 2025/26 peke yake serikali imewapa pauni milioni 132 na kasri linakarabatiwa kwa hela zetu, mimi nikiwa na uwezo ningewafuta kesho. Sasa mwili wa Malkia ulipolazwa pale Westminster Hall ili uagwe, watu wakapanga foleni kufuata mto Thames, maili kwa maili, hata David Beckham alisimama masaa kumi na mbili na zaidi. Nani mwingine alikuwa kwenye ile foleni? Yule yule bwana wa kupe wa pale dipo! Masaa kumi na tatu! Kaweka na utepe wa mkononi kama kumbukumbu, hakuuvua mpaka Krismasi. Nikamuuliza, bwana wewe si ulisema ungewafuta? Akanijibu, "Ile ilikuwa foleni nzuri sana." Sikuwa na swali la pili.

Kinachoniuma mimi sio ufalme, mniwie radhi, ni rota, ile ratiba ya shifti. Hawa watu wanachopenda kweli kweli ni benki holidei, sikukuu ya nchi nzima kupumzika. Juni 2022 ikasherehekewa miaka 70 ya Malkia kwenye kiti, nchi ikapumzika siku nne mfululizo, Malkia kanywa chai na yule dubu Paddington kwenye tivii, mtaa mzima umelala kwenye viti vya bustani. Mimi niko kwenye basi. Mazishi ya Septemba, benki holidei, mimi niko kwenye basi, tena tupu kabisa, nimebeba mlevi mmoja na hewa, ikafika zile dakika mbili za kimya nikasimamisha, mlevi akaamka akauliza tumefika? Kutawazwa, Jumatatu ya tarehe 8 Mei ikafanywa sikukuu, niko kwenye basi. Yaani mimi niliyeapa ndiye ninayewabeba wasioapa kwenda kusherehekea.

Siku yenyewe ya kutawazwa, Jumamosi tarehe 6, niliangalia kwenye simu wakati wa brek, mvua inanyesha London kama imelipwa. Na hapa niseme kama dereva. Lile gari la dhahabu waliloendea nyumbani limetengenezwa mwaka 1762, lina uzito wa tani nne, farasi wanane ndio wanalivuta, nalo linakwenda mwendo wa mtu anayetafuta viatu vyake msikitini. Malkia mwenyewe alipoulizwa safari yake ilikuwaje alisema mbaya sana. Basi langu likiwa na kiti kimoja kinalia linazuiwa getini! Nikawa naangalia yale magurudumu najiuliza ni fundi gani anasaini kwamba gari hili ni zima.

Pata mambo ya mtaani sasa. Jumapili yake bi mkubwa wa 12 alishaomba kibali kaunsili barabara ifungwe, meza zimepangwa katikati, vibendera juu, nami nikabahatika kutoka shifti saa nane. Ile sherehe ilikuwa na chakula rasmi, nasema rasmi, kimetangazwa na kasri lenyewe. Ni mkate wa mayai na jibini wameutia mchicha, maharage mabichi ya kijani na jani moja linalonukia kama dawa ya kikohozi. Zikaja kumi na moja! Kila nyumba imetii kasri, hao hao waliokataa kuapa. Pembeni kuna kuku wa baridi, eti mapishi ya sherehe ya 1953 alipotawazwa mama yake Charles, wamemchemsha, wamemtia bizari na mayonezi, wamemwacha apoe. Bizari, jamani. Na mayonezi. Mke wangu aliangalia ile bakuli akashika kichwa, maana yeye ni Mzanzibari, matusi ya chakula anayachukulia kama ya mama yake.

Tulipeleka sambusa 120 na sufuria la pilau. Sambusa hazikumaliza robo saa. Wale wapenda Mfalme na wapinga Mfalme walikuwa wanasukumana kwenye sinia langu bila itikadi. Ile mikate ya kasri ilibaki tisa na nusu.

Bi mkubwa ni mtu mzuri, ananipenda, ila ana swali lake moja. Anachojua yeye kuhusu Afrika ni kwamba mwaka 1952 binti Elizabeth alikuwa Kenya, kwenye hoteli ya juu ya mti, Treetops, baba yake akafariki huku nyumbani na yeye akawa Malkia huko huko juu. Basi kila sherehe ananishika mkono ananiuliza, "Mwanangu, kwenu ni karibu na ule mti?" Miaka mitatu ya kwanza nilimuelewesha, bibi, ile ni Kenya, mimi Mtanzania, pale ni mlimani sisi tuko pwani. Siku hizi namwambia ndio, unauona ukiwa dirishani. Anafurahi sana.

Binti yangu ana miaka 16, yeye ndiye balaa. Alikuja pale mezani na bango la manjano kwamba huyu sio mfalme wake, alikuwa ameona jana yake wapinzani wa ufalme wamekamatwa London kabla hata hawajalishika bango vizuri, polisi wakazishuku zile kamba za kufungia mabango, baadaye wakaachiwa na polisi wakasema wanasikitika. Nikamvuta pembeni, mwanangu, wewe umezaliwa hapa, hujaapa, una haki ya kubeba bango. Mimi baba yako nimeapa na kulipa, nikikutwa na bango hilo kwenye gari langu nitajitetea vipi? Mama yake akaingilia, "Sie mfalme wetu alikaa huko huko Southsea zaidi ya miaka hamsini kimya hajafungiwa barabara na mtu." Anamsema Sayyid Jamshid, sultani wa mwisho wa Zanzibar, aliyepinduliwa Januari 1964 akaja kuishi hapo Southsea, mjini Portsmouth, mpaka 2020 alipokwenda Oman. Mabishano yakaisha hapo, maana mke wangu akitaja sultani huwa anamalizia na ndoa yetu.

Halafu kuna bata maji, wale weupe wenye shingo ndefu. Mji wetu upo kando ya Thames, na bata maji wote wasio na alama kwenye maji ya wazi ni mali ya Mfalme, hiyo sio utani. Mwezi wa pili mmoja akakaa katikati ya barabara. Nikapiga honi, abiria wote wakanigeukia, "Usimtishe, ni wa Mfalme!" Ni wale wale! Nimekaa dakika sita nasubiri mali ya serikali ijisikie kuondoka, supavaiza ananiuliza kwenye redio kwa nini nimechelewa, nimemwambia nina kiapo.

Mama yangu naye akipiga simu kutoka Tanga swali ni moja, "Ushamuona Mfalme?" Mama, mimi nina shifti. "Windsor si umesema nusu saa?" Yeye alimuona Malkia Julai 1979, alipokuja Tanzania, wanafunzi wakapangwa barabarani Dar, anasema kofia aliiona kwa macho yake haya. Mimi miaka kumi na tano naishi jirani na kasri lake la Windsor, nimemuona kwenye stempu. Na anasherehekea birthday mbili kwa mwaka, ya kuzaliwa Novemba na ya gwaride Juni. Mimi ninayo moja, tarehe 1 Januari, nayo aliikisia karani.

Juzi nikaamua. Nikaingia kwa supavaiza, nikamwambia bosi naomba ruhusa, sikukuu ya kutawazwa William nisiwe kazini. Akanitazama, "Hiyo ni lini?" Sijui. "Unamuombea Mfalme afe?" Hasha! Mimi? Mimi siwezi, mimi nimeapa, Mungu amzidishie umri, afike mia. We niandike tu kwa penseli.