Fungua boneti kwanza ndo tuongee

Jumapili moja hivi karibuni nilipeleka Toyota Mark II yangu kwenye drifti, ule mchezo wa kutelezesha gari kiubavu kwenye kona, sio kudrifti jamani, kuonyesha. Walitenga eneo la magari yaliyofanyiwa modi, pembeni kabisa ya lami wanapochezea, unalipia nafasi unapaki unapewa namba ya kubandika kwenye kioo, watu wanapita wanapiga picha, jioni majaji wanapita na karatasi zao. Wiki nzima sikulala vizuri. Rangi nyeupe ya oveni, rimu za inchi 18, springi nimeshusha mpaka tuta nalikata kiupandeupande kama kaa, spoila nyuma, na ekzosi ambayo wazee wa mtaani kwetu wameshanisema mara mbili. Gari imekaa, na kwa hilo simuombi mtu radhi.

Nilikuwa naogopa vumbi. Kumbe shida ni raba. Tairi za nyuma zinavyosagika pale kwenye kona moshi unakuja na upepo, na ndani ya moshi kuna vijipande vyeusi vinanata ukivigusa vinapakaa, ilipofika saa nane bampa yangu ya nyuma ilikuwa kama imenyunyiziwa pilipili manga. Nikawa na kitambaa changu, wakipumzika nafuta, wakianza tena nafuta. Akaja dogo mmoja miaka tisa kumi hivi, akaniangalia weee, akauliza, "Anko, hii inadrifti?" Nikamwambia hapana, hii ya shoo. Akaigusa spoila. "Sa hii ya nini?" Nikaanza kumpa somo la upepo unavyoikandamiza gari nyuma ikiwa spidi, huku moyoni najua kabisa ile spoila nimeibandika kwa tepu ya kunata pande mbili, ikipata huo upepo wenyewe itaenda nao. Akasema nifungue boneti. Nikafungua. Injini ni ile ile 1G ya lita 2 iliyokuja nayo kutoka Japani, nilichofanya ni kupaka kifuniko cha juu rangi nyekundu. Dogo akasema "aaah" akaenda kwa jirani.

Jirani yangu alikuwa na Toyota Chaser, ile ya JZX100, gari ya kudrifti yenyewe, imeingia kwenye eneo letu kupumzika kati ya raundi na raundi. Bampa ya mbele imepasuka ikashonwa kwa zile tai za plastiki za kufungia nyaya, mshono kama wa mtu aliyetoka operesheni. Mlango wa kushoto rangi yake, wa kulia rangi yake. Na hapo ndo kulikuwa na foleni ya watu! Jamaa anaeleza bila kuchoka: hendibreki ndefu iliyosimama karibu na stelingi ni ya mafuta, ina pampu yake, ukivuta inabana tairi za nyuma papo hapo gari ianze kuteleza (wenye Mark X mnaelewa, ya kwenu inakanyagwa kwa mguu, utavuta nini). Nakozi za mbele, vile vyuma vinavyoshika tairi na kuzikunja, zimekatwa zikachomelewa upya ili tairi zikunje zaidi gari ikiwa imelala upande, yaani inateleza kiubavu. Difu, ile inayogawa nguvu kwa tairi za nyuma, nayo imechomelewa, tairi mbili za nyuma zizunguke kwa pamoja, hakuna moja kuizidi nyenzake. Kila kitu kwenye ile gari ukiuliza cha nini, kina jibu.

Kikombe kilienda wapi? Kwa gari iliyoletwa asubuhi juu ya bridauni na ikaondoka jioni juu ya bridauni. Haikuwashwa siku nzima. Mimi nilikuwa wa nne, na sisemi haya kwa sababu nilishindwa, au haya, kidogo.

Mi hoja yangu sio kwamba magari ya kupendeza hayana kazi kwenye drifti. Yanayo tena sana. Huu ndo mchezo wa magari ambao hauangalii nani kafika kwanza, majaji wanaangalia mstari unaopita, gari imelala kiasi gani, na staili. Staili! Wajapani tangu waanze D1 Grand Prix, mashindano yao makubwa ya drifti, mwaka 2000 gari inayotoa moshi ndo hiyo hiyo iliyopendezeshwa, na zile zilizobondekabondeka wanazoendelea kuchezea wamezipa jina, wanaziita misaili, hawazifichi. Afrika Kusini kule Soweto ile BMW E30 wanayoiita gusheshe inang'arishwa kama kioo halafu inaingizwa uwanjani inazungushwa mpaka tairi inapasuka, na mchezo wao umetambuliwa rasmi tangu 2014. Sisi ndo tumeweka uzio katikati, magari mazuri huku, magari yanayofanya kazi kule.

Na msiniletee habari ya hela za injini. Toyota AE86 iliyomtoa Keiichi Tsuchiya, yule Wajapani wanamwita mfalme wa drifti, ilikuwa na injini ya lita 1.6, farasi kama 130. Hii 1G yangu ni 160! Nimemzidi farasi 30 na nilichofanya nazo ni kupaki. Ni kweli ile ilikuwa nyepesi na ya manyuo na yangu ni nzito ya automatiki, lakini hela niliyolipia rimu peke yake ningekuwa nimeshaanza kutafuta giaboksi ya manyuo.

Kwa hiyo ningepewa mimi kuandaa, gari ya shoo iingie kwa miguu yake, izunguke uwanja raundi moja, hata polepole, halafu boneti iwe wazi muda wote na mwenyewe asimame pale aulizwe umebadilisha nini na kwa nini. Ukijibu "inapendeza" ni sawa, rangi ina alama zake, ila zisiwe alama zote. Na yale mashindano ya kukanyaga mafuta gari imesimama, injini inagonga limita, mwisho wa mizunguko inayoruhusiwa, pa pa pa pa mpaka rejeta inatema maji, yafutwe kabisa. Pale nilishuhudia Altezza safi inazimika moja kwa moja kwa ajili ya kelele za dakika mbili na watu wakashangilia.

Juzi nimepita kwa fundi wangu Ilala kuulizia difu. Kaniambia kuchomelea sio gharama, ila nijiandae, kila nikikunja kona ndogo pale kwenye maegesho ya supamaketi tairi zitalia kama mbuzi na walinzi wote watageuka. Nimemwambia anipe wiki nifikirie. Wife hajui bado.